Hemingway: Mvuvi mashuhuri aliyepiga kambi Kajiado na kuacha swali zito

ERNEST Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyetuzwa Nobel ya Fasihi mwaka wa 1954, hukumbukwa na wengi kwa kisa cha mzee mvuvi, samaki mkubwa na papa waliomla samaki huyo kabla hajafikishwa nchi kavu. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwanzoni mwa mwaka uo huo alikuwa angali kambini Kajiado, miongoni mwa watu ambao kwa desturi hawali samaki wala nyama ya porini.

Swali lililomwandama tangu utotoni ni jepesi kuliuliza lakini gumu kulijibu. Je, aliyemnasa samaki amchukue akamle ama amrudishe majini? Na ikiwa hana haja ya kumla, ana sababu gani ya kumnasa?

Swali hilo lingali hai katika Pwani ya Kenya, kuanzia Watamu hadi Shimoni, ambako watalii hulipa fedha nyingi ili wapambane na samaki mkubwa, kisha wamwachilie aende zake. Maisha ya Hemingway yanaonyesha kwamba uadilifu wa jambo hili haupimwi kwa kuchukua au kuachilia pekee. Hupimwa kwa sababu iliyomfanya mtu atie ndoano majini.

Sheria ya baba

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899 katika mji wa Oak Park, jimbo la Illinois. Babake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa mno mito na misitu. Kila msimu wa joto familia yake ilihamia katika nyumba yao kando ya Ziwa Walloon, jimbo la Michigan, na huko ndiko Ernest alikofunzwa kuvua na kuwinda akiwa angali mdogo sana.

Daktari huyo alikuwa na sheria moja nyumbani: anayeua mnyama sharti amle. Wakati mmoja Ernest na rafikiye walimuua nungunungu aliyekuwa amemjeruhi mbwa wa jirani, wakatarajia kusifiwa. Badala ya kuwapongeza, mzee aliwaamuru wampike na kumla. Nyama hiyo haikutafunika kwa urahisi, lakini funzo lilibaki.

Hata hivyo, funzo hilo halikumzuia kukosea. Mnamo 1915, alipokuwa akitimiza miaka 16, alimpiga risasi korongo, ndege aliyelindwa na sheria ya Michigan. Askari wa wanyamapori walimsaka, naye akatoroka na kujificha kwa jamaa zake. Hatimaye alifika mbele ya hakimu, akakiri kosa na kutozwa faini ya dola 15.

Kijana huyo hangeweza kubashiri kwamba miaka 38 baadaye, katika nchi ya mbali, yeye mwenyewe angekabidhiwa jukumu la kuwalinda wanyamapori.

Mkono uliolowa

Baada ya kumaliza shule ya upili, Hemingway alifanya kazi kwa miezi michache katika gazeti la Kansas City Star. Mwaka wa 1918 alikwenda Italia kama dereva wa ambulensi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na akajeruhiwa vibaya miguuni mwezi Julai mwaka huo. Baadaye aliishi Paris, ambako alijitengenezea jina kwa sentensi fupi zisizo na mapambo.

Katika mkusanyiko wa hadithi alioutoa mwaka wa 1925 mna hadithi ndefu kuhusu kijana aliyerejea kutoka vitani na kwenda kuvua peke yake mtoni Michigan. Humo mna tukio dogo ambalo wavuvi wa burudani wamelizungumzia tangu hapo. Kijana huyo ananasa samaki mdogo aina ya trauti, na kabla ya kumgusa ili amwachilie, analowesha mkono wake kwanza.

Sababu yake ni ya kitaalamu. Mwili wa samaki umefunikwa na ute unaomkinga dhidi ya magonjwa. Mkono mkavu huuondoa ute huo, na mahali palipoguswa hushambuliwa na kuvu. Samaki huogelea na kutoweka akionekana mzima, kumbe amebeba kifo chake. Aliyemwachilia hurudi nyumbani akijiona mwema, pasipo kujua kwamba ameua bila kula.

Katika hadithi hiyo hiyo, kijana hakuwaachilia samaki wote. Wawili waliotosha kwa chakula aliwachukua, akawaua na kuwasafisha. Kwa hivyo, mapema kabisa katika kazi zake, Hemingway alikuwa ameweka pande zote mbili za mizani: mdogo arudishwe kwa uangalifu, na anayechukuliwa aliwe. Hiyo ilikuwa miaka 14 kabla ya Mmarekani mwenzake, Lee Wulff, kuchapisha kitabu mwaka wa 1939 kilichowahimiza wavuvi wa burudani kurudisha samaki majini ili waweze kunaswa tena.

Vipimo na picha

Lau angeishi kwa kanuni hiyo ya mtoni, kisa chake kingekuwa kifupi. Lakini umaarufu ulikuja, na pamoja nao ukaja ushindani. Mnamo Desemba 1928 babake alijitoa uhai, na mwana akabaki bila mtu wa kumkumbusha ile sheria ya nungunungu.

Kuanzia 1932 alivua katika maji ya Kuba akimtafuta nduaro, yule samaki mkubwa mwenye pua ndefu kama mkuki ambaye wageni humwita marlin. Katika msimu wa 1933 pekee alinasa zaidi ya 50. Picha za miaka hiyo zinamwonyesha akisimama kando ya samaki walioning'inizwa kwa mkia, wengine wakiwa wamemzidi kimo maradufu.

Ni kweli kwamba nchini Kuba nyama ya nduaro ni kitoweo na huuzwa sokoni. Hata hivyo, anayenasa zaidi ya samaki 50 kwa msimu mmoja hasukumwi tena na njaa. Anahesabu.

Mwishoni mwa 1933 alileta hesabu hiyo Afrika Mashariki. Alishuka bandarini Mombasa mwezi Desemba pamoja na mkewe Pauline na rafiki yao Charles Thompson, wakaongozwa na mwindaji mkongwe Philip Percival aliyekuwa na shamba Machakos. Waliwinda zaidi Tanganyika, na Januari 1934 Hemingway aliugua ugonjwa wa kuhara damu hata ikabidi asafirishwe kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa.

Kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo, kilichotoka 1935, kinatoa siri ambayo wawindaji wengi huificha. Msimulizi anakiri wivu uliomkereketa kila mara mwenzake alipoua mnyama mwenye pembe ndefu kuliko wake. Hakuna aliyekuwa na haja ya nyama. Kilichoshindaniwa kilikuwa urefu wa pembe.

Baada ya uwindaji, kundi hilo liliteremka Malindi na kuvua baharini kabla ya kuondoka nchini. Hivyo basi, Hemingway alikuwa miongoni mwa wageni wa awali waliovua kwa ajili ya burudani katika maji ambayo baadaye yangejulikana kote duniani kwa mchezo huo.

Wataalamu waja kujifunza

Aliporejea Marekani mwaka wa 1934, alinunua mashua ya futi 38 na kuiita Pilar. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo cha Sayansi Asilia cha Philadelphia walimfuata Havana ili wachunguze samaki aliowanasa. Wakati huo wanasayansi walikuwa wakitatanika kuhusu aina za nduaro, na samaki wengi waliofika mikononi mwao walikuwa vipande tu.

Samaki wa Hemingway walipimwa, wakachorwa na kuorodheshwa. Mtaalamu Henry Fowler alirekebisha uainishaji wa nduaro, na mwaka wa 1935 akampa samaki mmoja mdogo wa baharini jina la kisayansi lenye kumkumbuka mwandishi huyo. Hapa kifo cha samaki kilizaa maarifa, na ni vigumu kukiweka katika kapu moja na kifo kilichozaa picha ya ukutani.

Mwaka uo huo wa 1935, katika kisiwa cha Bimini, alifanya jambo ambalo wengine walikuwa wameshindwa kulifanya. Jodari wakubwa walionaswa huko walikuwa wakiliwa na papa kabla ya kufikishwa mashuani, kwa kuwa mvuvi aliwachosha polepole kwa saa nyingi. Hemingway aliwavuta bila kuwapa nafasi ya kupumzika, akawatoa wakiwa wazima.

Alifanya hivyo ili asipokonywe ushindi. Lakini wataalamu wa sasa wa kuachilia samaki hutoa ushauri unaokaribiana na huo kwa sababu tofauti: kadiri samaki anavyosumbuliwa kwa muda mrefu, ndivyo anavyozidi kuishiwa nguvu, na ndivyo uwezekano wake wa kuishi baada ya kuachiliwa unavyopungua.

Mnamo 1939 chama cha kimataifa cha wavuvi wa burudani kiliasisiwa mjini New York ili kuweka kanuni na rekodi za mchezo huo. Hemingway aliteuliwa kuwa makamu wa rais wake mwaka uliofuata, akashikilia wadhifa huo hadi kifo chake.

Mzee na dhambi

Mnamo 1936 alichapisha katika jarida la Esquire makala iliyogusia mvuvi mzee wa Kuba aliyepatikana baharini akilia ndani ya mashua yake, papa wakiwa wamemla sehemu kubwa ya samaki wake. Wazo hilo lilikaa akilini mwake kwa miaka 16 kabla ya kuzaa kitabu chake kinachosomwa zaidi, kilichotoka Septemba 1952 na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Mzee wa kitabuni hakuwa mtalii. Alikuwa maskini aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Hata hivyo, baada ya kumuua yule mkubwa, anaanza kujiuliza kama alilotenda ni dhambi. Anajitetea kwamba samaki angewalisha watu wengi, kisha anakubali moyoni kwamba hakuua kwa ajili ya chakula pekee. Aliua pia kwa fahari, na kwa kuwa yeye ni mvuvi.

Huenda hakuna andiko lingine la Hemingway linalokaribia ungamo kama hilo. Aliyeshindana kwa pembe mwaka wa 1934 na kuhesabu samaki kwa makumi sasa alimtwika mzee huyo swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelijibu. Papa wanapomaliza nyama, kinachobaki ni mifupa na kipimo cha urefu wake. Watalii wanaoitazama mifupa hiyo ufuoni hata hawajui ni ya samaki gani.

Kambini Kajiado

Mwezi Agosti 1953 alishuka tena Mombasa, safari hii akiwa na mkewe wa nne, Mary. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Percival, aliyekuwa amestaafu, alikubali kuwaongoza, na kwa ushirikiano na Denis Zaphiro, afisa wa wanyamapori wa Kajiado, wakapiga kambi karibu na Mto Salengai. Baadaye walihamia kinamasi cha Kimana, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako Hemingway alipewa wadhifa wa heshima wa mlinzi wa wanyamapori.

Alikuwa ameingia katika nchi yenye sheria zake kuhusu kuua. Kuanzia Ewuaso Kedong, magharibi mwa Vilima vya Ngong, hadi Kimana na Oloitoktok, Wamaasai waliishi kwa maziwa, damu na nyama ya mifugo yao. Kula samaki kulikuwa jambo geni kabisa, na kuishi kwa uwindaji kulihesabiwa kuwa dalili ya ufukara, kwani mwenye ng'ombe alikuwa na haja gani ya kumfukuza swara?

Msimamo huo nao ulikuwa na upungufu wake. Morani walimwinda simba, na si kwa sababu ya nyama. Baadhi ya simba waliuawa kwa kuwa walivamia mifugo, lakini wengine waliuawa ili kijana apate sifa. Kwa hivyo Hemingway hakukutana na watu wasiojua kuua kwa fahari. Alikutana na watu walioweka mipaka: walimjua mnyama waliyepaswa kumwua, wakati wake na silaha ya kutumia, na walimkaribia kwa mkuki huku naye akiwa na uwezo wa kuwararua.

Katika maandishi yake kuhusu miezi hiyo, yaliyochapishwa baada ya kifo chake katika matoleo ya 1999 na 2005, msimulizi anaeleza kwamba enzi ya kuua kwa ajili ya mapambo ilikuwa imempita. Alitaka kupiga risasi kwa ajili ya nyama ya kambi, ama dhidi ya wanyama wanaoshambulia mifugo. Muda mwingi uliobaki aliutumia kuwatazama tembo, ndege na nyati. Maandishi hayo yanachanganya ukweli na ubunifu, lakini mwelekeo wake ni dhahiri.

Hata hivyo, fahari haikuwa imemtoka kabisa. Januari 1954 jarida la Look lilichapisha habari za safari hiyo zikiambatana na picha yake kando ya chui aliyeuawa. Mlinzi wa wanyamapori alikuwa bado na haja ya kuonekana.

Isitoshe, kuna jambo ambalo maandishi yake hayakulitilia uzito unaostahili. Katika enzi ya ukoloni, mgeni mwenye leseni aliitwa mwindaji, ilhali Mkamba au Mliangulo mwenye upinde aliitwa jangili. Miaka michache tu baadaye, kati ya 1956 na 1957, operesheni kubwa iliendeshwa Tsavo na wengi wa wawindaji hao wa asili wakatiwa gerezani. Kuchagua kutoua ni rahisi kwa mtu ambaye kibali kimo mfukoni na chakula kimejaa kambini.

Moto wa Shimoni

Mambo yalimgeukia haraka. Januari 23, 1954 ndege ndogo aliyopanda na Mary iligonga waya wa simu na kuanguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Siku iliyofuata, ndege iliyotumwa kuwachukua kutoka Butiaba ilishika moto ikijaribu kupaa. Magazeti ya ulimwengu yalitangaza kifo chake, naye akabaki hai kuzisoma tanzia zake mwenyewe.

Alikuwa ameumia kichwa, uti wa mgongo, ini, figo na wengu. Licha ya hayo, alishikilia mpango wake wa kwenda kuvua Shimoni, kusini mwa Pwani ya Kenya. Huko moto wa kichaka ulizuka, naye alipojaribu kusaidia kuuzima akaanguka na kuungua vibaya. Mwezi Machi aliondoka Mombasa kwa meli, na hakuiona tena Kenya.

Tuzo ya Nobel ilipotangazwa Oktoba mwaka huo, afya haikumruhusu kwenda Stockholm kuipokea. Maumivu na maradhi ya akili yalimlemea miaka iliyofuata. Alijitoa uhai kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho, Julai 2, 1961, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 62.

Swali lililobaki

Nchi alizopita zilitoa majibu yao. Mwaka wa 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na wanyama wa Kajiado wakawa wa kutazamwa tu. Tangu Desemba 2012, morani wa eneo la Amboseli wamekuwa wakikutana Kimana kushindana kwa mbio, kurusha mikuki na kuruka, mashindano yaliyobuniwa kuchukua mahali pa uwindaji wa simba. Sifa ilibaki, simba akaachwa hai, karibu na mahali pale pale alipokaa Hemingway.

Baharini jibu limekuwa nusu nusu. Katika Pwani ya Kenya, manahodha wengi wa uvuvi wa burudani huwawekea nduaro na sulisuli vibandiko vyenye nambari na kuwaachilia. Shirika lililoundwa Watamu mwaka wa 1990 hukusanya taarifa hizo ili kufahamu mienendo ya samaki hao. Maarifa ambayo mwaka wa 1934 yalipatikana kwa kuua, leo mengi hupatikana kwa kuachilia.

Lakini si wote walioridhika. Sheria ya Uswisi imekataza kuvua kwa nia ya kuachilia, kwa hoja kwamba si haki kumtesa samaki kwa mchezo usio na mwisho wa maana. Nchini Ujerumani pia, sheria humdai anayemtia mnyama maumivu awe na sababu ya msingi, na chakula ndicho sababu inayokubalika zaidi. Kwao, Daktari Clarence angeonekana mtu mwenye busara.

Mfugaji wa Ewuaso Kedong ambaye hajawahi kuonja samaki, na mvuvi wa Shimoni anayelisha watoto kwa mshipi, wangeshangazwa kwa namna moja na mtalii anayemvuta samaki kwa saa nzima ili apate picha. Wa kwanza angeuliza kwa nini kumsumbua kiumbe asiyeliwa wala asiyedhuru. Wa pili angeuliza kwa nini chakula kinatupwa majini.

Anayetaka kuwajibu hana budi kuwa na jambo zaidi ya picha. Aonyeshe kwamba samaki aliyeachiliwa ameachiliwa akiwa na nguvu za kuishi: kwa ndoano isiyomezwa hadi tumboni, bila kuinuliwa nje ya maji, kwa mkono uliolowa. Aonyeshe pia kwamba uchache wa samaki huyo unadai arudishwe ili kizazi kisikatike. Na anayechukua, achukue kinachotosha na kukila.

Hemingway aliyajua hayo yote akiwa kijana wa miaka 26, akayaandika kwa ustadi, kisha akatumia nusu ya maisha yake kuyasahau na miezi michache Kajiado kuyakumbuka tena. Kosa lake halikuwa kwamba aliua samaki. Mara nyingi aliua ili aonekane ameua, na hilo ndilo ambalo babake alikuwa amemkataza siku ile ya nungunungu.